Debe Mara Tatu

Ukimtaja Fundi kwa mtu aliyemfahamu, ataanza na pini. Fundi alizibana midomoni tano au sita kwa wakati mmoja, na akiwa nazo hivyo aliongea, akacheka, akagombana na wateja. Sikuwahi kumwona akidondosha hata moja. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja pale Kibaoni, Ifakara, na aliyepita bila kumsalimia aliitwa kwa sauti na kuulizwa kama amepatwa na homa.

Nilimfahamu kwa miaka sita, katika ile miaka ya hamsini, kwanza kama mteja, kisha kama jirani wa shamba. Jina lake limo katika vitabu vya misheni na wanaolijua wanalijua. Sisi tulimwita Fundi, na humu atabaki Fundi.

Alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Tusubiri Jumamosi." Gauni langu liko tayari, Fundi? Tusubiri Jumamosi. Mvua itanyesha? Tusubiri Jumamosi. Mume wa fulani atarudi kutoka mashamba ya mkonge? Hapo aliondoa pini moja mdomoni, akatazama barabara, akasema hilo pia tusubiri Jumamosi. Mgeni angedhani Jumamosi ndiyo siku yake ya kufanya kazi. Kinyume chake, Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hakushona hata kishikizo, kwa sababu saa kumi redio ilikuwa inaleta mchezo wa kuigiza.

Redio hiyo aliipataje, niliuliza watu watatu nikapata majibu matatu, kwa hiyo naliacha. Ilikuwa ya betri, betri kubwa kama tofali, na Fundi aliitunza kama mgonjwa. Asubuhi aliianika juani. Hakuifungulia redio kwa jambo lingine lolote, si taarifa ya habari, si muziki, si bei za pamba. Siku moja karani mmoja wa serikali aliyekuwa safarini kwenda Mahenge alisimama barazani akaomba asikilize habari za saa saba. Fundi alimwambia kwa heshima zote kwamba habari zitarudiwa kesho, ila Bibi Siwema harudiwi.

Bibi Siwema alikuwa mtu wa mchezoni. Aliuza chai na maandazi mbele ya stesheni ya reli huko Dar es Salaam. Kila Jumamosi msafiri mmoja alishuka kwenye treni akiwa na jambo analolificha, na Bibi Siwema alilifichua kabla chai haijapoa. Ndiyo yote. Robo saa, wiki baada ya wiki. Baadaye ilikuja michezo mingine yenye watu wengi zaidi, yenye ngoma na milio ya bunduki, na hakuna hata mmoja ninayeweza kukusimulia leo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ule ndio uliotushika. Wengine husema ni kikohozi cha Bibi Siwema, maana alikohoa kila alipokaribia kumbana mtu, nasi tulijua jamaa amekwisha. Wengine husema ni kwa kuwa hatukuwahi kumwona, kwa hiyo kila mtu alikuwa na wake. Mimi nilikuwa na Bibi Siwema mwembamba. Jirani yangu alikuwa na mnene, mweusi, mwenye mwanya, na tuliwahi kununiana siku mbili kwa ajili hiyo.

Fundi ndiye aliyekata shauri. Alisema mwanamke mwenye sauti ile hawezi kuwa na mikono ya gauni iliyobana. Akakata gauni lenye mikono mipana, yenye marinda begani, akalitundika barazani na kulibatiza mkono wa Siwema. Kabla ya Pasaka wanawake tisa walikuwa nalo kanisani. Padre alimuuliza Fundi mtindo huo umetoka wapi, naye akajibu, "Redioni, Baba," na padre akabaki anaiwaza redio.

Mtu huyu aliyeshona nguo za mtu asiyekuwepo alichukia uongo kuliko wote niliowafahamu. Ukimwambia una kiuno cha inchi ishirini na nane, alipima. Ukimsimulia jambo, alikuuliza uliliona au uliambiwa. Nilipokosa Jumamosi moja na mtu akanihadithia, Fundi alimsahihisha mara nne. Akanikabidhi daftari la shule nisilokuwa nimemwomba. "Wewe umesoma kwa masista," aliniambia. "Andika kila Jumamosi ilivyokuwa, ili watu wasituongezee chumvi." Tangu siku hiyo aliniita Mwandishi.

Ifikapo miezi ya ndege, Ifakara ilihamia mbugani. Asiyelima mpunga katika bonde lile hawezi kujua miezi hiyo ilivyo. Mpunga ukianza kujaa maziwa, kwelea hushuka kwa maelfu, wakageuza anga kama moshi, na shamba lililoachwa kwa saa mbili hubaki mabua. Kwa hiyo kila familia ilivuka mto kwa mtumbwi na kukaa shambani, juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Kutoka huko mtu aliamia ndege kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, kwa kombeo, kwa kelele, kwa kamba zilizofungwa makopo. Ndege walikuja zaidi nyakati mbili: asubuhi na mapema, na tena alasiri, kuanzia saa kumi.

Unaona tatizo. Saa kumi ya ndege ndiyo saa kumi ya Bibi Siwema.

Katika sehemu yetu madungu yalikuwa saba, yamejipanga kutoka kichuguu kikubwa hadi ukingo wa mto. La kwanza lilikuwa la Fundi, aliyevuka na redio kichwani huku betri ikiwa kwapani. La pili lilikuwa letu. La saba, kando kabisa ya matete ambamo ndege walilala, lilikuwa la Mama Roza, mjane mwenye mtoto mmoja, aliyelima peke yake na hakuwa na muda wa watu wanaosema ndani ya sanduku. Hakuna ambaye angeacha mpunga wake aende kukaa kwa Fundi. Fundi akaamua mchezo utatembea wenyewe. Aliusikiliza, na kila kipande kilipokwisha alitupigia sisi kelele. Sisi tukapigia la tatu, la tatu likapigia la nne, hadi mtoni. Sasa fikiria watu saba wakipaza sauti alasiri, na kwelea wakisikia habari za stesheni ya Dar es Salaam kutoka pande zote. Waliruka juu na hawakutua. Mume wangu, ambaye alikuwa ameukejeli mchezo tangu mwanzo, alikiri kwamba Jumamosi ndiyo siku tuliyopoteza mpunga kidogo kuliko zote.

Lakini njia ile ile ya sauti ndiyo tuliyopitishia mambo ya kweli. Kiboko ameingia shambani: ilipigiwa kelele. Maji yamepanda: ilipigiwa kelele. Msiba ukitokea, jina la marehemu lilitoka dungu hadi dungu, na hapo kila mtu alishuka, akaacha shamba lilivyo, akaenda kukaa na mfiwa. Hakuna aliyebaki. Kubaki na mpunga wako wakati mwenzio amefiwa lilikuwa jambo la kukumbukwa hata na wajukuu.

Fundi, mpenda ukweli, aliona mapema kwamba mawili hayo yangechanganywa, akaweka sheria. Kabla ya kupitisha la redioni, piga debe mara tatu, nyamaza, ndipo useme. Debe mara tatu, redio. Bila debe, ni letu. Kila dungu lilikuwa na debe tupu la mafuta ya taa kwa ajili ya ndege, kwa hiyo sheria haikumsumbua mtu. Misimu miwili ilikwenda bila kosa.

Jumamosi ninayotaka kusimulia ilikuwa wiki tatu kabla ya kuvuna. Mchezo ulianza vibaya. Bibi Siwema hakukohoa kwa ujanja safari hii, alikohoa kweli, akaanguka mbele ya meza yake ya chai, akachukuliwa hospitali. Vipande viwili vya kwanza vilitufikia na mapigo yake matatu ya debe. Kisha kimya. Nilimwona Fundi kule juu ameinamia redio kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akasimama, mikono kichwani, uso umelowa machozi, akapaza sauti:

"Bibi Siwema amefariki. Jamani, amefariki."

Debe halikulia.

Mimi nilijua ni la redioni. Dungu la tatu nadhani walijua. Nilipaswa kupiga debe letu kabla ya kupitisha, na sikupiga, maana nami nilikuwa nalia na kalamu mkononi. Neno likaenda lilivyo. La tano na la sita walisita. La saba halikusita. Mama Roza alikuwa amesikia jina la Siwema misimu miwili likitoka kwa Fundi, akajijengea kwamba ni dada au shangazi wa Fundi huko pwani anayemletea habari nyingi. Alipotazama juu akamwona Fundi ameshika kichwa, alifanya linalofanywa. Alishuka, akakamata kuku wake mmoja anayetaga, akajifunga khanga kiunoni, akapita madungu yote akilia. Na mjane anayeutegemea mpunga wake kuliko sisi sote akishuka, wewe utabaki juu kwa sababu gani? Tulishuka wote.

Haukupita muda mrefu, watu wapatao ishirini walikuwa chini ya dungu la Fundi. Moto umewashwa. Kuku amechinjwa, yumo chunguni. Fundi amekaa kwenye mkeka, anapewa pole na kupokea. Hapo ndipo kosa lake, na mwenyewe hakuwahi kulipamba. La kwanza, la debe, lilimponyoka. La pili alilifanya akiona. Saa nzima alinyamaza. Aliniambia baadaye kwamba kila alipofungua mdomo mtu mwingine alimshika mkono na kulia, na yeye alikuwa na majonzi ya kweli, akashindwa kujua aseme nini na majonzi ya kweli ya mtu asiyekuwepo.

Katekista wetu alifika kwa baiskeli, amevuka mto mbio aliposikia. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliketi, akatoa kitabu chake, akauliza kwa upole:

"Pole sana, Fundi. Marehemu alikuwa dini gani? Tumwombee sisi, au tuwapelekee habari wenzetu wa msikitini?"

Fundi alitazama mkeka. "Sijui, Katekista. Redioni hawajasema."

Katika ukimya ule tulisikia kitu ambacho kwa saa nzima masikio yetu yalikuwa yamekataa kukisikia. Upande wa mtoni palikuwa na mvumo kama wa mvua kubwa inayokaribia. Haikuwa mvua. Mama Roza aliinuka kabla yetu sote, akakimbia.

Waliinuka kutoka shambani kwake kwa pamoja, wingu zima, na mabua yaliyokuwa yameinama kwa uzito yakawa yamesimama wima. Kila mtu alipoteza kidogo. Mama Roza, aliye karibu na matete, alipoteza kama theluthi. Kwake theluthi ilikuwa ile miezi ya mwisho kabla ya mavuno mengine, ile ambayo mama mwenye mtoto mmoja huihesabu kuliko yote. Alikaa ukingoni mwa shamba, akavunja shuke moja, akalipepeta kiganjani.

Katekista alitaka jambo limalizwe kabla ya jua kuzama. Alimuuliza Mama Roza anataka Fundi amfanyie nini. Sisi tulingoja aseme magunia.

"Aje akae hapa kwangu mpaka nivune," alisema. "Ndege aliowaita yeye, awafukuze mwenyewe."

"Na shamba langu, mama?" Fundi aliuliza.

"Si una redio? Iache ilinde."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa, maana dungu la sita walikuwa wamekwisha kuanza kusema kwamba redio ile itupwe mtoni. Alfajiri ya Jumapili Fundi alihamia dungu la saba na kombeo lake. Pini alizichomeka kwenye ukosi wa shati. Redio alikuja nayo, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuiacha, na akaapa mbele ya Mama Roza kwamba hataifungua bila ruhusa yake. Shamba lake mwenyewe aliliacha wazi.

Halikukaa wazi. Jambo hili silisimulii kwa kuambiwa, nilikuwa mmoja wao. Bila kikao, bila kumwuliza, tulianza kupeana zamu. Siku moja sisi, siku moja dungu la tatu, siku moja la nne. Hata la sita walileta mtu. Mume wangu, yule mwenye kejeli, alikwenda mara mbili. Nilimuuliza sababu, akasema Fundi akikosa mpunga atauza redio, na mimi nitakuwa mtu wa kununa kila Jumamosi. Kwa hiyo ukiniuliza leo mchezo wa robo saa unawashika watu kwa nini, sitaanza na kikohozi. Nitaanza na watu waliosimama juani wakilinda mpunga wa mwenzao ili wajue Jumamosi ijayo kuna nini.

Na Jumamosi ilifika. Mama Roza alitoa ruhusa kwa kutikisa bega. Nilikuwepo, nimetumwa nikiwa na daftari. Fundi aliifungua redio akiwa ameipa mgongo, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Tulisikia treni. Tukasikia vikombe. Kisha tukasikia mtu akikohoa, na sauti ikauliza, "Nani amekaa kwenye kiti changu?"

Bibi Siwema alikuwa hai. Aliyefunikwa shuka hospitali alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, na hilo lilikuwa limesemwa wazi katika dakika tatu za mwisho za wiki iliyopita, wakati Fundi amesimama na mikono kichwani. Yeye aliyetufundisha wote kusubiri Jumamosi hakuweza kusubiri dakika tatu.

Mama Roza alikuwa amesimama na kombeo, udongo mkononi, hajatupa. Aligeuka taratibu.

"Fundi, huyu si ndiye tuliyemlilia?"

"Ndiye, mama."

"Basi anirudishie kuku wangu."

Fundi alicheka hadi pini ya ukosini ikamchoma. Mama Roza hakucheka. Alichukua debe, akalipiga mara tatu mwenyewe, na safari hii mchezo ukatoka mtoni kwenda juu: Bibi Siwema yu hai, na arudishe kuku. Ulipofika kwenye kichuguu, watu waliamini kwamba mchezoni humo Bibi Siwema kweli amekula kuku wa mtu. Niliandika yaliyosemwa redioni. Kisha nikaongeza na ya kuku pembeni, na Fundi aliyasoma asiyafute. Ndiyo chumvi pekee aliyowahi kuiacha.

Mama Roza hakukosa Jumamosi tena. Kila alipompitia Fundi pale Kibaoni alimuuliza kuku yuko wapi, naye akajibu tusubiri Jumamosi. Mwaka uliofuata mchezo ulikatika katikati, bila kuaga. Jumamosi moja saa kumi palikuwa na mtu anayeeleza namna ya kutunza meno. Fundi aliiandikia redio barua mbili, nikiwa mwandishi, na hatukupata jibu. Aliendelea kuifungua kila Jumamosi mpaka betri ikafa, na betri ilipokufa watu wa madunguni waliendelea wenyewe. Kila dungu lilimshusha msafiri wake kutoka kwenye treni, debe mara tatu, na Bibi Siwema akamfichua.

Mara ya mwisho nilipoongea na Fundi kwa maana ya kuongea, ilikuwa tena miezi ya ndege, mwaka wa tatu baada ya yule kuku. Asubuhi, ndege wakiwa wengi, nilimwona anakuja kwa miguu katika njia ya katikati ya mashamba, amesimama kwenye dungu lake mwenyewe kwanza, kisha anatujia. Hakupaza sauti. Tangu siku ile hakupaza sauti kwa jambo lolote la kifo. Alikwenda kwa miguu hadi kwa kila mtu. Mkononi alikuwa na kikapu, na kichwa cha kuku kimetokeza.

"Shikamoo, Fundi. Ni ya redioni?" Nilijuta kabla hajajibu.

"Marahaba. Hapana, Mwandishi. Mama Roza, alfajiri. Kifua."

Nilianza kushuka ngazi. Alinizuia kwa mkono.

"Acheni mtu mmoja mmoja kila dungu. Nimekwisha kuongea na Katekista, hakuna atakayewasema." Akaninyoshea kikapu. "Huyu mpe Roza. Mwambie ni wa mama yake. Nilichelewa."

Nilimwambia ampe mwenyewe, tunakwenda wote. Alitikisa kichwa, akatazama upande wa mtoni, ambako mpunga wa Mama Roza ulikuwa umeinama, wa manjano, hauna mtu. Alichukua debe letu, akaomba kwa macho, nikaitikia. Akaondoka nalo.

Tulimzika Mama Roza saa kumi. Kwelea walipita juu yetu kundi baada ya kundi kuelekea matete. Katekista alikuwa katikati ya sala aliposita kidogo, nasi tukainua vichwa. Upande wa mtoni debe lilikuwa linapigwa. Nilihesabu bila kutaka. Moja, mbili, tatu. Nikangoja, na nadhani wote tulingoja. Nne. Tano. Sita. Halikunyamaza mpaka udongo wa mwisho ukaingia.